Nyumba ya Kupangisha Ikiwa Tupu: Maji Kwanza, Rangi Mwisho

Mpangaji akishahama na funguo zikarudi, wenye nyumba wengi hukimbilia ndoo ya rangi. Nyumba inang'aa, mpangaji mpya anaingia, na haipiti miezi mitatu doa la kahawia limerudi palepale, ukutani upande wa pili wa bafu. Rangi haina kosa. Ukuta ulipakwa ukiwa bado unakunywa maji ya bomba ambalo hakuna aliyelikagua.

Nyumba ikiwa tupu, kazi zifuate mpangilio huu: maji, unyevu, umeme, milango, halafu rangi. Kwa nyumba ya vyumba viwili au vitatu, wiki moja inatosha kama hakuna lipu ya kurudia. Ikiwa ipo, muda utaongezeka, na hapo ndipo wengi hujidanganya.

Hatua ya 1: Iulize mita ya maji

Kabla ya kushika spana, funga koki zote, hakikisha tangi la choo limeshajaa, kisha ipige picha mita. Usiguse maji kwa saa mbili, halafu linganisha. Tarakimu ya mwisho ikiwa imesogea, kuna maji yanayopotea. Mita nyingi pia zina nyota au kigurudumu kidogo kinachozunguka hata kwa maji machache sana. Kikitazame kwa dakika moja tu na utapata jibu.

Sasa tafuta yanakokwenda. Funga valvu ndogo inayopeleka maji chooni. Mita ikisimama, mhusika ni choo. Isiposimama, funga valvu kuu ya kuingilia nyumbani. Kama bado inazunguka, bomba limetoboka chini ya ardhi kati ya mita na nyumba. Kama imesimama, uvujaji uko ndani. Dakika hizi chache zinamwondolea fundi bomba sababu ya kubomoa ukuta kwa kubahatisha.

Nyumba inayotumia tangi la juu inahitaji kipimo kingine, kwa sababu mita huona tu maji yanayoingia kwenye tangi. Funga maji ya kuingia, weka alama ya penseli kwenye kina cha maji, acha usiku mzima bila matumizi. Asubuhi kina kikiwa kimeshuka, kuna uvujaji kuanzia tangi kwenda chini.

Mharibifu mkubwa ni choo, kwa kuwa huvuja bila kelele na bila kulowesha sakafu. Tia matone kumi ya rangi ya chakula ndani ya tangi lake, usiflashi, subiri dakika 30. Rangi ikitokea kwenye bakuli, mpira wa chini, ule unaoziba tundu la kutolea maji kwenda bakulini, haufungi. Isipotokea lakini unasikia maji yakichuruzika, tazama bomba la kumwagia maji ya ziada lililosimama katikati ya tangi: maji yanapaswa kukoma sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wake. Yakifika mdomoni, boya limewekwa juu mno. Lishushe kwa skrubu au klipu yake.

Kubadilisha mpira huo ni kazi ya nusu saa:

1. Funga valvu, flashi, kausha maji yaliyobaki kwa sponji.
2. Ng'oa mpira wa zamani na uende nao dukani. Ya kawaida ina kipenyo cha inchi 2 au inchi 3, na haibadilishani hata kidogo.
3. Pitisha kidole kwenye ukingo wa tundu ambapo mpira hukaa. Ukigusa chembe za chumvi au chokaa, zilainishe kwa siki na uzisugue kwa sponji ngumu ya plastiki. Usikwangue kwa bisibisi: mkwaruzo mmoja unatosha kufanya mpira mpya uvuje kama ule wa zamani.
4. Funga mnyororo ukiwa umelegea kama sentimita 1. Ukikazwa sana, mpira hauketi. Ukiwa mrefu mno, hujikunja na kubanwa chini ya mpira wenyewe.
5. Fungua maji, rudia jaribio la rangi.

Vyoo vya kubonyeza kitufe havina mpira wa namna hiyo. Vina raba ya duara chini ya valvu ya katikati. Katika aina nyingi unaizungusha valvu robo mzunguko kinyume cha saa, unaitoa nzima, unaisafisha raba au kuiweka mpya, kisha unairudisha mpaka ijifunge.

Koki ya kuzungusha inayodondosha huwa imechoka raba yake ya ndani. Raba ni kitu kidogo, lakini kama mpya nayo inaanza kuvuja baada ya wiki chache, tatizo ni kiti chake cha shaba, yaani pale raba inapokalia, ambacho wapangaji wamekikwangua kwa kukaza koki kwa nguvu kila siku. Kiti hicho huchongwa upya kwa kifaa maalumu au koki nzima inabadilishwa. Koki za robo mzunguko hazina raba ya aina hii. Hubadilishwa kiini chake cha kauri, na lazima uende na cha zamani mkononi.

Kuhusu tepu ya tefloni, makosa ni yaleyale kila mara. Ianzie uzi wa pili kutoka mdomoni ili vipande visiingie ndani ya bomba, izungushe kuelekea upande ambao kifaa kitakazwa, mizunguko 6 hadi 8, ukiivuta ikamate kwenye nyuzi. Ukishakaza, usirudishe nyuma ili koki ikae wima. Ukirudisha, umeivunja tepu na utaanza upya. Mipira ya kunyumbulika inayopeleka maji kwenye sinki na choo haihitaji tepu kwenye nati yake, kwa kuwa ina raba ndani. Ikaze kwa mkono, kisha ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Nati ya plastiki iliyokazwa kupita kiasi hupasuka baadaye, mara nyingi usiku, na nyumba hujaa maji. Mpira wenye kutu kwenye wavu wake wa chuma, au uliotuna mahali, ubadilishe leo hata kama hauvuji.

Chini ya sinki usipime kwa kufungulia koki kidogo. Ziba sinki, lijaze mpaka juu, kisha achilia maji yote kwa mara moja. Huku yakishuka, futa kila kiungo kwa karatasi ya chooni iliyo kavu. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho haliuoni.

Mabomba ya maji machafu yana harufu ya aina mbili. Nyumba iliyokaa tupu kwa wiki kadhaa hunuka kwa sababu maji yaliyo kwenye kona ya U chini ya sinki na bafu yamekauka, na hewa ya bomba inapanda bila kizuizi. Mwaga lita moja ya maji kila tundu, na kama nyumba itaendelea kukaa tupu, ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake ili maji yasikauke upesi. Harufu isipoisha baada ya hapo, tafuta kiungo kilicholegea au choo kisichokaa vizuri sakafuni.

Choo au sinki likiziba, fungua kwanza mfuniko wa chemba iliyo karibu na nyumba. Chemba ikiwa kavu, kizuizi kiko kati ya nyumba na chemba. Ikiwa imejaa, kiko mbele zaidi, na kusukuma plunja ndani ya nyumba ni kupoteza nguvu. Sinki la jikoni huzibwa na mafuta, bafu huzibwa na nywele, na zote mbili hutoka ukifungua kona ya U na kuisafisha huku ndoo ikiwa chini yake. Maji yanayochemka hayafai kwenye bomba la plastiki, yanalainisha viungo. Na kama mpangaji alishamwaga dawa ya kuzibua, usiongeze dawa nyingine juu yake: dawa ya klorini ikikutana na tindikali hutoa gesi ya klorini, na ndani ya bafu lisilo na dirisha gesi hiyo huumiza mapafu vibaya. Bomba linaloziba mahali palepale kila baada ya miezi michache halina shida ya usafi. Ama mteremko wake ni mdogo (bomba la milimita 100 linataka kushuka sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita), au mizizi ya mti imeingia.

Tangi la maji lisafishwe sasa, kabla mtu hajaanza kulitumia. Litoe tope, lisugue kwa brashi na maji bila sabuni, lijaze, kisha tia lita 1 ya jiki yenye klorini ya asilimia 5 kwa kila lita 1,000 za maji. Fungua kila koki mpaka usikie harufu ya klorini, funga, acha saa 12. Baada ya hapo mwaga yote, suuza na ujaze upya. Hakikisha mfuniko unafunga na bomba la kumwagia maji ya ziada lina wavu wa kuzuia mbu.

Hatua ya 2: Lisome doa kabla ya kulifuta

Hapa ndipo hela nyingi hupotea, kwa sababu madoa yanafanana na dawa zake hazifanani.

Doa linaloanzia sakafuni na kupanda hadi kama mita moja, likiwa na mstari wa unga mweupe juu yake, ni maji ya ardhini yanayopanda ukutani. Doa linalokua baada ya mvua na kufifia kiangazi linatoka paani, dirishani au kwenye ufa wa nje. Madoa meusi ya ukungu kwenye kona na nyuma ya kabati, hasa chumba kisichofunguliwa dirisha, ni mvuke wa kupikia, kuoga na kuanika nguo ndani. Doa lisilojali mvua wala kiangazi, lililo nyuma ya bafu au jiko, ni bomba au mshono wa vigae.

Ukiwa na shaka, bandika kipande cha karatasi ya alumini ya sentimita 30 kwa 30 juu ya doa, ukiziba kingo zote nne kwa tepu. Baada ya siku mbili kibandue. Matone yakiwa upande wa chumba, unyevu uko hewani: dawa ni madirisha, feni ya kutoa hewa, na kabati lisogezwe sentimita 5 kutoka ukutani. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu uko ndani ya ukuta na hakuna rangi itakayoutibu, hata ile inayouzwa kwa jina hilo. Rangi isiyopitisha maji ikipakwa ndani ya ukuta wenye maji, inayasukuma yapande juu zaidi au itoke malengelenge.

Kwa maji ya ardhini, anzia nje. Mara nyingi udongo, bustani au sementi mpya imerundikwa hadi kupita tabaka la kuzuia unyevu lililo chini ya ukuta. Chimba mpaka ardhi iwe angalau sentimita 15 chini ya tabaka hilo, na uielekeze miteremko mbali na nyumba. Ule unga mweupe uondoe kwa brashi kavu na kuuzoa. Ukiuosha kwa maji, chumvi inayeyuka na kurudi ukutani.

Kwa paa, panda darini mchana wa jua kali, zima tochi, subiri macho yazoee giza. Matundu yatajionyesha kama nyota. Kumbuka kwamba maji huteleza juu ya mbao kabla ya kudondoka, kwa hiyo tundu huwa upande wa juu wa mteremko, wakati mwingine mita mbili kutoka kwenye doa la dari. Katika mabati, mkosaji huwa raba ya skrubu iliyokauka na kupasuka. Toa skrubu, weka nyingine iliyo nene kidogo yenye raba mpya. Kuziba kwa sementi hakufai: bati hutanuka na kusinyaa kila siku, sementi haifanyi hivyo, na ufa unafunguka upya. Ukitembea juu ya mabati, kanyaga kwenye mstari wa skrubu tu, maana chini yake ndipo ulipo mti. Mifereji ya paa nayo iondolewe majani na ipimwe mteremko wa milimita 3 hadi 5 kwa kila mita.

Bafuni, silikoni yenye weusi isipakwe juu. Silikoni mpya haishiki kwenye ya zamani. Ikate yote kwa kisu, futa mshono kwa spiriti, uache ukauke usiku mzima, bandika tepu ya karatasi pande zote mbili, jaza kwa mkono mmoja usiosimama, lainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, na utoe tepu kabla haijashika. Saa 24 bila kuoga. Nunua ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu. Kisha gonga vigae kwa mpini wa bisibisi: kinacholia kama debe tupu kimeachana na ukuta, na maji yanapita nyuma yake.

Lipu iliyooza ibomolewe kupita doa kwa sentimita 30 kila upande. Lowesha ukuta, piga sehemu 1 ya saruji kwa 5 za mchanga safi usio na chumvi, tabaka lisizidi milimita 15 kwa mara moja, na uendelee kuilowesha kwa siku 7 ili isipasuke. Kisha iache ikauke kama wiki 4 kabla ya rangi, kwa sababu lipu mbichi ina maji na ukali wa saruji unaobandua rangi. Kama huwezi kusubiri, ni heri mpangaji aingie na kipande cha ukuta kisichopakwa, ukubaliane naye tarehe ya kurudi, kuliko kupaka leo na kubandua kesho.

Nyufa nyembamba kama unywele ni za lipu tu. Ufa unaopita milimita 5, au unaopanda kwa ngazi kwenye viungo vya matofali, au unaotoka kona ya dirisha kwenda juu kwa mshazari, uwekee alama ya penseli kila mwisho na tarehe. Ukivuka alama, mwite mhandisi kabla ya kuuziba.

Hatua ya 3: Umeme

Mwenye nyumba ana kazi tatu tu hapa: kutazama, kunusa na kubonyeza. Mengine ni ya fundi umeme mwenye leseni.

Bonyeza kitufe cha majaribio kwenye swichi ya kulinda dhidi ya uvujaji wa umeme. Ikikatika papo hapo, sawa. Isipokatika, nyumba isikaliwe mpaka ibadilishwe. Tazama kila soketi kama ina weusi au imeyeyuka. Weusi huo kwa kawaida ni waya uliolegea kwenye skrubu yake, ambao huzalisha joto kadiri umeme unavyopita, na kubadilisha uso wa soketi bila kukaza waya ni kurudia ajali ileile.

Mwambie fundi afungue pia boksi la swichi na alinganishe ukubwa wa kila swichi na waya wake. Kwa kawaida taa hupita kwenye waya wa milimita 1.5 za mraba, soketi 2.5. Akikuta swichi ya ampea 32 kwenye waya wa taa, kuna mtu aliyechoka na swichi inayokatika akaiweka kubwa zaidi. Sasa waya utaungua kabla swichi haijakatika. Bafu la kuchemsha maji papo hapo lenye kilowati 5.5 huvuta kama ampea 24 kwenye volti 230, kwa hiyo linataka waya wake pekee, wa milimita 4 au afadhali 6, na waya wa ethi uliofika kweli ardhini. Usiruhusu lifungwe kwenye waya wa soketi.

Hatua ya 4: Milango

Mlango unaokwaruza sakafu usikimbilie kuuranda. Kaza skrubu za bawaba ya juu kwanza. Tundu likiwa limechakaa, lijaze vijiti vya kiberiti visivyo na baruti na gundi ya mbao, kata sawasawa, subiri ikauke, rudisha skrubu. Kitasa kikizunguka kwa shida, piga penseli kwenye meno ya funguo na uiingize mara kadhaa. Mafuta hukusanya vumbi na kuganda.

Silinda ya mlango wa nje, yaani kile kipande cha kitasa ambamo funguo huingia, ibadilishwe kila mpangaji anapohama, hata aliyerudisha funguo zote, maana hujui alizichongesha ngapi. Toa skrubu moja ndefu kwenye ukingo wa mlango, ingiza funguo, izungushe kidogo sana mpaka silinda ivutike nje. Pima kutoka tundu la skrubu hadi kila upande: 30 kwa 30 si sawa na 30 kwa 40. Silinda isitokeze nje kupita milimita 3, ili isishikike kwa koleo.

Hatua ya 5: Sasa rangi

Ukungu uuawe kwanza kwa sehemu 1 ya jiki na 4 za maji, dirisha likiwa wazi na glavu mkononi. Acha dakika 15, suuza, kausha. Doa la zamani la maji, hata likishakauka, hupenya rangi ya maji tabaka baada ya tabaka. Lizibe kwanza kwa rangi ya mafuta ya kutangulia, kisha paka ya kawaida.

Hesabu ni rahisi. Lita moja hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 2.7 kina kuta za mita 38 za mraba. Toa mlango na dirisha, unabaki na 34. Mikono miwili ni lita 7. Tumia rangi moja kwa nyumba zako zote na uandike namba yake na namba ya toleo ndani ya mlango wa kabati. Ukirekebisha mahali, usipake kiraka katikati ya ukuta, kitaonekana daima. Paka kutoka kona hadi kona.

Siku ya kukabidhi funguo, piga picha ya mita ya maji na ya umeme pamoja na mpangaji, kisha mpeleke kwenye valvu kuu na swichi kuu. Usimwonyeshe kwa kidole. Mwache aifunge valvu na kuifungua mwenyewe, kwa sababu valvu isiyoguswa kwa miaka hukwama, na bora ikwame mbele yenu wawili kuliko usiku bomba likiwa limepasuka. Ile ya kuzungusha mara nyingi, ukishaifungua kabisa irudishe robo mzunguko ili isigande.